Kaka wa maabara anataka nywila yangu ya klasta: nifanyeje?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na utafiti wangu unahusu mafuriko ya Bonde la Msimbazi. Ninatumia modeli ya kompyuta inayokokotoa namna maji yanavyopanda na kusambaa kutoka vilima vya Pugu hadi Jangwani na baharini, kwa viwango mbalimbali vya mvua, ili tujue ni mitaa ipi inayozama mapema na kwa kina gani. Kwa kuwa modeli hiyo lazima iendeshwe mara mamia, kila mara kwa mvua tofauti na hali tofauti ya ardhi, kompyuta yangu mpakato haiwezi kuibeba. Chuo kimenipa akaunti katika klasta yake ya utafiti, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi pamoja, ambayo tunaitumia pamoja na wenzetu wa fizikia, wa kemia, wa hali ya hewa na wale wanaochambua vinasaba vya vimelea vya malaria.

Shida yangu ni kwamba kazi ninazozituma zinakaa kwenye foleni kwa siku kadhaa bila kuanza. Nikiandika squeue kuangalia foleni, ninaona jina moja limejirudia kurasa na kurasa, nalo ni la kaka mmoja wa maabara yetu aliyenitangulia kwa miaka michache. Namheshimu sana kaka huyu, kwa sababu nilipofika nikiwa sijui chochote kuhusu klasta ni yeye aliyekaa na mimi hadi jioni akinifundisha kuandika skripti ya kutuma kazi. Lakini ninaona anaomba nodi nzima, yaani kompyuta moja kamili ya klasta, hata kwa programu ambayo najua inatumia kiini kimoja tu cha prosesa, na ushauri wake kwetu sisi wadogo ni kwamba tuombe kikubwa siku zote ili tusije tukakwama katikati. Vilevile huwa anafungua daftari la Jupyter (ukurasa wa kuandikia na kuendeshea programu) lenye kadi ya GPU, ile ya kukokotoa kwa kasi, mchana, kisha anarudi nyumbani na kuliacha wazi mpaka kesho yake.

Hivi karibuni alifikia kikomo alichowekewa kwenye akaunti yake, akaniomba nywila yangu ili apitishie baadhi ya kazi zake kwa jina langu, akisema kwamba kazi zangu zimesimama tu na akaunti inakaa bure. Nilimjibu kwamba nitafikiria, na tangu hapo ananikumbusha kila tunapokutana.

Profesa wetu hana habari ya mambo haya. Anachotaka ni matokeo kabla ya masika. Naogopa kuwaandikia mafundi wa klasta kwa sababu itaonekana nimemchongea mtu aliyenisaidia. Mwenzangu mmoja ananishauri na mimi niombe nodi nzima na kuijaza foleni, na mwingine anasema niiendeshe modeli usiku kwenye nodi ya kuingilia, watu wakiwa wamelala, kwani hakuna atakayeona. Naomba unishauri: nimpe nywila au nisimpe, na nifanye nini ili kazi zangu nazo zipate nafasi?

Wako,
Mtafiti wa Msimbazi, Ubungo

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu, na asante kwa barua uliyoiandika kwa uangalifu bila kumvunjia mtu heshima. Suala la nywila nitalijibu mapema kwa sababu ndilo linalokubana kila mnapokutana: usimpe. Usimpe yeye wala mtu mwingine yeyote, hata kwa usiku mmoja, na usione kwamba kwa kufanya hivyo umesahau fadhila.

Akaunti ya klasta hutolewa kwa mtu mmoja mwenye jina lake, na siku ulipoipokea ulikubali masharti yanayosema hivyo. Kila kazi inayopita kwa jina lako huandikwa katika kumbukumbu za mfumo kuwa ni yako. Ikijaza hifadhi, ikifuta mafaili ya watu wengine, au ikigusa data za wagonjwa ambazo hukuwahi kupewa kibali cha kuziona, atakayeitwa kutoa maelezo ni wewe. Juu ya hilo kuna usalama wa kila mtumiaji mwingine. Mwezi Mei 2020 kompyuta kuu kadhaa za utafiti barani Ulaya, ikiwemo ARCHER iliyokuwa Edinburgh na nyingine zilizokuwa Ujerumani, zilifungwa kwa sababu wavamizi walikuwa wakiingia kwa nywila na funguo za SSH (mafaili ya siri ya kuingilia kompyuta ya mbali) walizoziiba kutoka kwa watafiti halali, na watumiaji wa ARCHER walilazimika kubadilisha nywila na funguo zao kabla ya kuruhusiwa kurudi kazini. Mtafiti mmoja aliyelegeza ulinzi wa akaunti yake anaweza kuwasimamisha kazi mamia ya wengine asiowajua. Hapa kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, na idhini ya kuingia katika klasta ya chuo hutolewa na chuo chenyewe. Wewe huna mamlaka ya kumgawia mtu.

Ipo pia sababu nyingine ambayo nadhani kaka yako mwenyewe haijui, nayo inahusu foleni inayokutesa, hivyo niruhusu nieleze kidogo inavyofanya kazi. Kwa kuwa mnatumia squeue, klasta yenu inaendeshwa na Slurm, programu ya kupanga foleni iliyoanzia katika maabara ya taifa ya Lawrence Livermore huko California na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Katika vyuo vingi Slurm haipangi kazi kwa kuangalia tu nani alifika mapema. Kila kazi hupewa alama za kipaumbele zinazotokana na muda iliosubiri, ukubwa wake, na hasa mgao wa haki, yaani uhusiano uliopo kati ya fungu mlilopangiwa na kiasi mlichokwisha kutumia siku za karibuni. Matumizi ya zamani hufifia polepole. Kama mafundi wenu hawajabadilisha mpangilio wa awali wa programu, uzito wake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 7. Mgao huo huhesabiwa kwa ngazi, kwa maana kwamba lipo fungu la idara au la maabara, na ndani yake yamo mafungu ya watu mmoja mmoja. Mtu mmoja akilitumia fungu la maabara kupita kiasi, kipaumbele cha wote walio chini ya maabara hiyo kinashuka, hata cha yule ambaye hajaendesha kazi hata moja tangu mwezi uanze.

Sasa utaona kilichojificha katika ombi lile. Matumizi ya kaka yako huenda tayari yameshusha alama za maabara yenu mbele ya idara nyingine, na kilichobaki kukusaidia ni alama zako binafsi, ambazo bado ziko juu kwa sababu hujatumia sana. Ukimpa nywila, saa zote za prosesa atakazotumia zitaandikwa kwako, alama hizo nazo zitashuka, na kazi zako za Msimbazi zitasubiri zaidi ya zinavyosubiri leo. Akaunti yako haikai bure kama anavyosema. Wakati kazi zako ziko kwenye foleni, alama zako zinajijenga.

Kabla ya kumhukumu, lakini, nakuomba uthibitishe kwamba ni yeye anayekuchelewesha, kwa sababu jina kujirudia kurasa na kurasa katika squeue si ushahidi wa kutosha. Kazi iliyo kwenye foleni haijachukua chochote; kinachochukua nafasi ni kazi inayoendelea. Mtu anaweza kuwa na kazi mia tano zinazosubiri huku alama zake zikiwa chini kuliko zako, na ukituma kazi yako leo ikapita mbele ya zote. Tazama safu ya mwisho ya squeue, ile inayoonyesha sababu ya kazi kutokuanza. Ukikuta neno Priority, wapo wenye alama kubwa kuliko zako. Ukikuta Resources, zamu yako imekaribia na kinachokosekana ni nodi yenye nafasi ya kutosha kwa ulichokiomba. Na ukikuta sababu inayoanza na QOS au Assoc, umegonga kikomo, ama chako ama cha maabara, na hata ukisubiri wiki nzima haitaanza mpaka kikomo hicho kilegee. Amri ya sprio itakuonyesha alama za kazi yako zimetoka wapi, na sshare itakuonyesha maabara yenu imetumia kiasi gani kulinganisha na fungu lake. Ziandike nambari hizo mahali, kwa sababu utazihitaji utakapozungumza na Profesa.

Nije sasa kwenye lile la kuomba kikubwa ili usikwame, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowaumiza watu wengi kuliko jambo lingine lolote katika klasta za pamoja, na linaumiza zaidi kwa sababu anayelifanya haoni aliyemwumiza. Slurm ikikupa viini 32, viini hivyo ni vyako mpaka kazi iishe, hata kama programu yako inatumia kimoja na 31 vimelala. Anayefanya hivyo ni sawa na aliyekodi ukumbi wa Diamond Jubilee kwa kikao cha watu wanne, huku nje wamesimama watu wa harusi. Mtafiti wa malaria aliyekuwa anahitaji viini vinne tu kwa nusu saa anasubiri hadi kesho, na hatajua kamwe kwamba viini hivyo vilikuwepo, vinawaka umeme, vinapozwa na kiyoyozi, na havifanyi kitu. Tena mgao wa haki unahesabu ulichopewa kwa muda ulioendesha, bila kuangalia kama ulikitumia, hivyo yeye na maabara yake wanatozwa kwa viini 31 visivyofanya kazi. Anayewafundisha wadogo kuomba kikubwa anawafundisha kujichelewesha wenyewe.

Hata pale programu inapoweza kutumia viini vingi, faida ina ukomo, na ukomo huo ulielezwa na Gene Amdahl tangu mwaka 1967. Chukua modeli ambayo asilimia 10 ya kazi yake haiwezi kugawanywa, labda kusoma ramani ya mwinuko wa ardhi na kuandika matokeo, na asilimia 90 inagawanyika vizuri. Ukiipa viini 16 itakwenda kasi mara 6.4 kuliko kiini kimoja. Ukiipa 64 itakwenda mara 8.8 hivi, na hata ukiipa klasta nzima haitafika mara 10. Umeongeza viini mara nne na kasi haijafika hata mara moja na nusu. Kwa mtafiti kama wewe, mwenye mamia ya mvua za kujaribu ambazo hazitegemeani, viini 64 vikigawanywa kwa kazi nne za viini 16 vitakupa matokeo mengi kwa saa kuliko vikirundikwa kwenye kazi moja.

Kwa hiyo pima kwanza. Chagua mvua moja, iendeshe kwa kiini kimoja, kisha viwili, vinne, vinane na 16, uandike muda wa kila jaribio, na usimame pale ambapo kuongeza viini maradufu hakukupunguzii muda kwa kiasi cha maana. Kazi ikiisha, andika seff ikifuatiwa na namba ya kazi hiyo, uone umetumia sehemu gani ya ulichokiomba. Kama mafundi wenu hawajaiweka, tumia sacct na uangalie safu ya MaxRSS, ambayo ni kilele cha kumbukumbu ya kompyuta (RAM) uliyotumia. Ukikuta modeli ilifika gigabaiti 5, omba 6 au 7. Wengi hujali viini na kusahau kumbukumbu, ilhali kwenye nodi yenye viini 32 na gigabaiti 128, mtu aliyeomba kiini kimoja na gigabaiti 120 ameifunga nodi nzima, kwani viini 31 vilivyobaki vina gigabaiti 8 tu za kugawana. Usiombe kidogo mno pia, maana kazi inayovuka kumbukumbu iliyoombewa huuawa katikati, na saa zilizopotea hapo zimepotea kwenu wote.

Muda nao una siri yake, na hapa ndipo unapoweza kupata nafuu ya haraka kuliko kwingine kote. Kazi kubwa inaposubiri nodi nyingi ziachie kwa pamoja, Slurm huangalia mapengo yaliyopo kabla ya kazi hiyo kuanza na kuyajaza kwa kazi ndogo ambazo zina hakika ya kumalizika mapema, na kazi hizo huanza kabla ya zenye alama nyingi. Hakika hiyo inaipata kwenye muda uliouandika wewe kwenye skripti. Kama mvua moja inachukua dakika 50 nawe umeomba siku tatu kwa kuwa ndivyo skripti uliyorithi ilivyoandikwa, kazi yako haiingii katika pengo lolote. Omba saa moja na dakika kumi au ishirini, kwa sababu muda ukiisha Slurm itaizima kazi bila huruma, kisha andika squeue --start uone makadirio ya lini itaanza. Sitashangaa ukikuta kwamba sehemu kubwa ya siku zako za kusubiri imetoka hapa.

Na hizo mvua mamia usizitume moja moja kwa mkono, wala kwa kitanzi kinachoimwagia foleni skripti mia nne kwa pigo moja. Zitume kama safu moja ya kazi, kwa mfano --array=1-400%20, ambayo inaiambia Slurm kwamba kazi ni 400 lakini zisiendeshwe zaidi ya 20 kwa wakati mmoja. Nambari ile ya mwisho ndiyo adabu yako kwa majirani: klasta ikiwa tupu usiku wa sikukuu unaweza kuipandisha, na ikiwa imejaa unaishusha. Kwa kuwa kila mvua ni kazi inayojitegemea, umeme ukikatika mjini na jenereta ikachelewa, au joto la Februari likalazimisha mafundi kuzima nodi, utapoteza mvua 20 zilizokuwa njiani na si mwezi mzima. Wenye kazi moja ya siku nyingi lazima waiwekee utaratibu wa kuhifadhi hali yake kila baada ya muda na kuendelea pale ilipoishia. Nani alianzisha desturi ya kuendesha kazi ya wiki mbili bila kuhifadhi chochote, sijui, lakini hapa Dar es Salaam haifai hata kidogo.

Ushauri wa kutumia nodi ya kuingilia usiku ukatae kabisa. Nodi hiyo ni ya kuhariri skripti, kuhamisha mafaili machache na kutuma kazi, na kila mtumiaji wa klasta, akiwemo mwenzako aliye safarini katika nchi ambayo ni mchana wakati sisi tumelala, hupitia hapo. Modeli ya mafuriko ikiimeza kumbukumbu ya nodi hiyo, hakuna atakayeweza kuingia, na mafundi wanaona vizuri sana nani anaendesha nini. Ukihitaji kujaribu kitu ukiwa umekaa mbele ya skrini, omba nafasi fupi kwa amri ya salloc au srun, kisha ukimaliza uiachie. Sheria hiyohiyo inahusu daftari la Jupyter: kadi ya GPU iliyoshikiliwa usiku kucha na daftari lisilo na mtu haimfikii yeyote, na katika klasta nyingi za vyuo kadi hizo ndizo chache kuliko vyote. Tena usiiache squeue ikijirudia kila sekunde kwenye dirisha lako, maana kila swali hujibiwa na seva ileile inayopanga kazi za wote.

Kuhusu hifadhi nitasema machache. Modeli za mafuriko hupenda kuandika faili moja kwa kila hatua ya muda, na mafaili laki moja madogo huielemea hifadhi ya pamoja kuliko faili moja kubwa lenye data zilezile, kwa sababu kila faili lazima lifunguliwe na kufungwa kwa kupitia seva inayotunza majina na mahali pa mafaili yote. Andika matokeo katika muundo kama NetCDF, unaoweka data nyingi katika faili moja, au yakusanye kwa amri ya tar mwishoni mwa kila kazi. Kile unachokihitaji kwa tasnifu kihamishe kutoka hifadhi ya muda kila wiki, na vilivyobaki uvifute. Hifadhi ya muda kwa kawaida haina nakala rudufu, na hata penye uangalizi mkubwa mambo huharibika: mwezi Desemba 2021 kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto ilipoteza takriban terabaiti 77 za data za watafiti kutokana na hitilafu ya programu iliyokuwa ikitengeneza nakala rudufu zenyewe. Ramani zako za mwinuko na vipimo vya mvua za Desemba 2011, ambazo zilisababisha watu wa mabondeni kuhamishiwa Mabwepande, visikae mahali pamoja tu.

Turudi kwa kaka yako. Ulimwambia utafikiria, na jibu la namna hiyo linampa matumaini, kwa hiyo usimwache aendelee kuuliza. Mwite mkae pembeni, mbali na wengine, umwambie waziwazi: "Kaka, akaunti niliikubali kwa jina langu na masharti hayaniruhusu kumpa mtu, kwa hiyo nywila sitaweza kuitoa. Lakini nimegundua maabara yetu yote imeshuka kipaumbele, na ningependa tukae tuangalie skripti zetu pamoja, zangu na zako." Nenda na matokeo ya sshare na ya vipimo vyako mwenyewe. Mtu aliyekufundisha kwa moyo hadi jioni kuna uwezekano mkubwa atasikiliza akioneshwa kwamba seff inasema kazi zake zinatumia asilimia tatu ya alichokiomba, na kwamba kwa kuomba kiini kimoja badala ya nodi nzima kazi zake 32 zingeweza kwenda kwa pamoja mahali ambapo sasa inakwenda moja. Yeye ndiye aliyefikia kikomo; yeye ndiye atakayefaidika zaidi.

Kama kikomo kinambana hata baada ya kurekebisha skripti, njia halali ipo, nayo ni kuomba nyongeza ya muda maalumu kwa mafundi, akieleza kazi gani, viini vingapi na kwa siku ngapi, huku Profesa akiunga mkono. Maombi ya namna hiyo ni ya kawaida kabisa, na mafundi huyapenda zaidi kuliko kugundua mtu ameazima akaunti.

Profesa lazima ajue, kwa kuwa fungu linaloliwa ni la maabara yake na yeye ndiye anayedai matokeo kabla ya masika. Huhitaji kumtaja mtu. Katika kikao chenu cha maabara omba dakika kumi za kuonyesha matumizi ya maabara kwa jumla, kazi zilizosubiri na sababu zake, kisha pendekeza kwamba tasnifu zenye tarehe ya karibu zipewe nafasi kubwa kwa wiki fulani na wengine wapunguze nambari ile ya mwisho katika safu za kazi zao. Maabara zinazopanga mambo haya mezani zinaishi kwa amani kuliko zile zinazoyaachia squeue.

Kwa mafundi nako usiogope. Kuwauliza kwa nini kazi yako haianzi si kumchongea mtu. Andika namba ya kazi, saa uliyoituma, sababu iliyoonekana kwenye squeue, na uambatanishe skripti yako, bila kutaja kazi ya mtu mwingine. Wao wanaiona foleni nzima na hawahitaji uwaeleze nani yuko humo. Barua hiyo uitume kwa anwani ya huduma ya klasta badala ya simu binafsi ya fundi unayemfahamu, ili atakayekuwa zamu aione na jibu libaki kwenye kumbukumbu, na uitume wiki hii, kabla foleni haijajaa wale wote wanaokimbizana na masika kama wewe.

Mshauri